Jinsi ya Kumpima kwa Mikono Mgonjwa Anayeshukiwa Kuvimba Kifuko cha Nyongo

Kifuko cha nyongo chenye afya hakipapasiki. Kimejificha chini ya ini, na vidole vya mpimaji haviwezi kukifikia bila msaada. Msaada huo anautoa mgonjwa mwenyewe kwa kuvuta pumzi: diaframu, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo, inashuka, inalisukuma ini, nalo ini linashuka na kifuko chake mpaka kinakutana na vidole vinavyokingoja. Kikiwa kimevimba, pumzi hiyo haifiki mwisho. Inakatika. Hicho ndicho kiini cha kipimo kiitwacho ishara ya Murphy, na makosa mengi yanayofanyika kitandani yanatokana na kusahau kwamba kifuko ndicho kinachovijia vidole, si vidole vinavyokifuata kifuko.

Maelezo haya ni ya matabibu, wauguzi na wanafunzi wa udaktari. Anayeumwa akiwa nyumbani asijibonyeze akitafuta jibu. Maumivu ya tumbo upande wa juu kulia yaliyodumu saa kadhaa, hasa yakiandamana na homa, kutapika au macho ya manjano, ni ya kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa nini saa ya kupima ina maana

Kwa zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa, chanzo ni jiwe lililonasa kwenye shingo ya kifuko au kwenye mrija wake. Nyongo inakosa njia ya kutokea, shinikizo linapanda, ukuta wa kifuko unavimba na kujaa maji, na baadaye bakteria wanaweza kuingia. Mwanzoni kabisa mgonjwa anasikia maumivu kwenye chembe ya moyo, na ukimwambia aonyeshe kwa kidole kimoja anashindwa. Anapitisha kiganja kizima juu ya tumbo. Hayo ni maumivu ya kiungo chenyewe, na mishipa ya fahamu ya viungo vya ndani haitoi taarifa sahihi ya mahali.

Saa zinavyosonga, ukuta uliovimba unaanza kuugusa utando uliotanda ndani ya ukuta wa tumbo, yaani peritonia. Utando huo una mishipa ya fahamu inayojua mahali pake. Maumivu yanahamia kulia chini ya mbavu, yanakuwa makali na ya sehemu moja, na mgonjwa sasa anaonyesha kwa ncha ya kidole. Vipimo vya mikono vinategemea sana hatua hii ya pili. Ukimpima mtu saa moja baada ya maumivu kuanza na usikute kitu, hujathibitisha kwamba kifuko ni kizima. Huenda umefika mapema tu.

Kuna tofauti nyingine inayoonekana kabla hujagusa. Jiwe linaloziba na kuachia huleta msokoto wa nyongo, ambao kwa kawaida hautimizi saa 6, na mgonjwa hatulii: anajigeuza, anasimama, anakaa, anatafuta mkao usiomuuma. Mwenye kifuko kilichovimba hufanya kinyume chake. Analala kimya, anapumua kidogo kidogo kwa juu, na hataki kitanda kitikiswe. Maumivu yakipita saa 6, na mgonjwa akawa ametulia hivyo, fikiria kuvimba hata kama joto la mwili ni la kawaida.

Maandalizi

Pima joto, mapigo ya moyo, kasi ya kupumua, presha na oksijeni kabla ya kuligusa tumbo, kwa sababu ukishalibonyeza tumbo linalouma, mapigo na kupumua vitabadilika. Homa ikiwepo ina uzito, lakini isipokuwepo haifungi mjadala: mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2003 yalikuta homa kwa takriban asilimia 35 tu ya wagonjwa waliothibitishwa.

Mwangalie macho kwenye mwanga wa jua, si wa taa ya manjano. Umanjano huanza kuonekana machoni pale bilirubini, rangi ya manjano iliyomo kwenye damu na nyongo, inapofika takriban miligramu 2.5 hadi 3 kwa desilita. Kwa watu weusi, weupe wa jicho mara nyingi una rangi ya kahawia au manjano hafifu kwenye sehemu iliyo wazi kati ya kope, na hiyo si ugonjwa. Vuta kope ya chini, mwambie atazame juu, uangalie sehemu iliyokuwa imefunikwa. Kisha mwambie ainue ulimi, uangalie chini yake. Umanjano wa kweli utaukuta kote kuwili. Umanjano kidogo unaweza kutokea kifuko kikivimba peke yake, lakini ukiwa mwingi tafuta jiwe kwenye mrija mkuu wa nyongo.

Mlaze chali juu ya kitanda kilicho sawa, mto mmoja chini ya kichwa, mikono ubavuni, magoti yamekunjwa na nyayo zimekanyaga godoro. Mikono ikiwekwa nyuma ya kichwa inavuta misuli ya tumbo, na misuli iliyovutika haipitishi vidole. Akojoe kwanza. Funua kuanzia chini ya matiti hadi kwenye kinena, ufunike vingine kwa shuka. Pasha mikono yako joto kwa kuisugua. Mkono wa baridi unakaza tumbo la mtu mzima wa afya, sembuse la mgonjwa. Kucha ziwe fupi.

Simama kulia kwake. Kitanda kikiwa chini, inama au kaa, mpaka kigasha chako kiwe karibu usawa na tumbo. Mkono unaotoka juu unachoma kwa ncha za vidole, na mkono ulio sawa unabonyeza kwa nyama za vidole. Tofauti hiyo mgonjwa anaijua mara moja.

Dawa ya maumivu isicheleweshwe kwa ajili ya kipimo. Mpe, andika saa uliyompa, kisha mpime. Mgonjwa aliyetulia kidogo mara nyingi anapimika vizuri zaidi kuliko aliyejikaza kwa maumivu.

Tazama, sikiliza, gonga, ndipo upapase

Tumbo husikilizwa kabla ya kupapaswa, kwa kuwa kulibonyeza kunaweza kubadilisha sauti za utumbo. Tazama kama tumbo linapanda na kushuka kwa pumzi, au mgonjwa anapumua kwa kifua pekee. Tafuta makovu: aliyekwisha kutolewa kifuko cha nyongo kwa kamera ana vikovu vidogo kitovuni, kwenye chembe ya moyo na chini ya mbavu za kulia, na si kila mgonjwa anakumbuka kukuambia. Tafuta pia malengelenge kwenye mstari wa mbavu. Mkanda wa jeshi unaweza kuuma siku kadhaa kabla haujatoka, na umewahi kupelekea watu kufikiriwa wana nyongo.

Sikiliza sehemu ya chini ya pafu la kulia kwa nyuma. Nimonia ya hapo inaleta maumivu ya juu ya tumbo, homa, na pumzi inayokatika, yaani kila kitu unachotafuta tumboni. Ukiruka hatua hii, kipimo chote kinachofuata kinaweza kukudanganya.

Gonga kwa vidole kuanzia kifuani kushuka kwenye mstari wa katikati ya mtulinga wa kulia ili ujue ini linaanzia na kuishia wapi. Ukishaujua ukingo wa ini, unajua vidole viwekwe wapi. Kugonga kwenyewe kukimuuma upande wa kulia pekee, peritonia ya hapo imeguswa.

Papasa juu juu kwanza, kina cha sentimita 1 au 2, ukianzia chini kushoto, mbali kabisa na anapoumwa. Zunguka tumbo zima, mahali pa maumivu upamalizie. Usiuangalie mkono wako. Angalia uso wake, kwa sababu kukunja nyusi kunatokea kabla ya neno "aah". Kisha rudia kwa kina, pande zote, ukitafuta tumbo linalokaza bila hiari. Anayejikaza kwa woga hulegea anapotoa pumzi au ukimsemesha habari nyingine. Misuli iliyokazwa na peritonia haisikilizi mazungumzo.

Ishara ya Murphy

Jina ni la John Benjamin Murphy, daktari mpasuaji wa Chicago aliyeishi kati ya 1857 na 1916. Mwenyewe alieleza zaidi ya njia moja, ikiwemo ya kukunja vidole kama ndoano chini ya ukingo wa mbavu. Inayotumika sana leo ni ya mgonjwa aliyelala.

Tafuta mahali kwanza. Kwenye ukingo wa mbavu wa kulia kuna pointi ambapo ukingo wa nje wa msuli mrefu wa katikati ya tumbo unakutana na mbavu. Ni usawa wa ncha ya gegedu la ubavu wa 9, karibu na mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga. Ukitaka kuuona msuli huo, mwambie ainue kichwa kidogo kutoka kwenye mto: unajitokeza, unaweka alama kwa kidole, kisha anarudisha kichwa. Chini kidogo ya pointi hiyo ndipo kitako cha kifuko hujitokeza. Mwenye ini kubwa, kifuko kimeshushwa chini pamoja nalo, kwa hiyo vidole vifuate ukingo wa ini uliougonga, visifuate mbavu.

Mweleze atakachofanya kabla hujaanza, na mfanye jaribio moja la pumzi bila kumbonyeza. Wengi wakiambiwa "vuta pumzi" wanavuta haraka kwa kifua na mabega yanapanda. Pumzi ya namna hiyo hailishushi ini. Unahitaji pumzi ya polepole, ya tumbo, kwa mdomo ulio wazi.

Sasa mwambie: "Mama, toa hewa yote, taratibu, mpaka iishe." Wakati anatoa, tumbo linalegea. Fuata ulegevu huo na nyama za vidole vitatu vya mkono wa kulia, vimelala sambamba na ukingo wa mbavu, vikielekea ndani na juu kidogo, chini ya mbavu. Ingia pole pole, sentimita 3 hadi 4 kwa mtu wa umbo la wastani, zaidi kwa mnene. Vikishafika, visimamishe. Visisukume tena.

Kisha: "Haya, sasa vuta pumzi ndefu, polepole." Shikilia hapo hapo. Tumbo litataka kukusukuma mkono utoke. Usiurudishe nyuma, wala usiongeze nguvu. Diaframu inalishusha ini sentimita 1 hadi 3, na kifuko kinakuja kugota kwenye vidole vyako.

Ishara ikiwepo utaiona kwa namna ambayo haihitaji kuulizwa. Pumzi inaanza vizuri, inafika katikati, halafu inakatika ghafla kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. Nyusi zinajikunja, kidevu kinanyanyuka, na mara nyingi mkono wa mgonjwa unakuja kukushika kiganja bila yeye kukusudia. Toa vidole papo hapo na umwambie pole. Mara moja inatosha. Ukirudia mara tatu ili wenzako waone, ya tatu mgonjwa ameshajifunza kukataa kuvuta pumzi, na utaandika ishara uliyoitengeneza mwenyewe.

Fanya vivyo hivyo upande wa kushoto, mahali pale pale. Hatua hii inarukwa mno, nayo ndiyo inayokipa kipimo maana. Pumzi ikikatika pande zote mbili, hujapata ishara ya Murphy. Mgonjwa ana maumivu ya tumbo zima, au ya kifua, au ana hofu, au umebonyeza kwa nguvu kupita kiasi.

Kuna njia ya gumba, inayofaa kwa mgonjwa mwembamba au mpimaji mwenye vidole vifupi. Laza kiganja cha kushoto juu ya mbavu za chini za kulia, vidole vikielekea ubavuni, gumba likiangukia kwenye ile pointi chini ya ukingo. Bonyeza kwa gumba anapotoa pumzi, shikilia anapovuta. Faida yake ni kwamba kiganja kilicholala kifuani kinahisi pumzi ikikatika hata kama uso haukuonyesha. Kwa mgonjwa asiyeweza kulala chali, mkalishe ameinama mbele kidogo, simama nyuma yake upande wa kulia, kunja vidole chini ya ukingo wa mbavu, na mengine yafuate utaratibu ule ule.

Maumivu peke yake si ishara ya Murphy

Hili linachanganywa hata na watu wenye miaka mingi kazini. Mgonjwa akisema "panauma" unapobonyeza, hayo ni maumivu ya kubonyezwa upande wa juu kulia. Yana thamani yake, na yaandikwe kwa jina lake. Ishara ya Murphy ni pumzi kukatika. Anayeendelea kuvuta pumzi mpaka mwisho huku akilalamika hajawa na ishara hiyo, na kuandika "Murphy ipo" kwenye jalada lake kunampotosha anayefuata.

Jina la Murphy limebandikwa pia kwenye kipimo cha kugonga mgongo kutafuta ugonjwa wa figo. Ukiandika "Murphy" bila kusema ni tumboni au mgongoni, kuna siku mtu atasoma visivyo.

Makosa mengine ya mkono ni haya. Vidole vikiwekwa juu ya mbavu zenyewe badala ya chini yake, unapima mfupa na gegedu. Vikiwekwa karibu mno na katikati, unabonyeza tumbo la chakula na mwanzo wa utumbo mwembamba, na mwenye vidonda vya tumbo ataruka. Vikiingia wakati mgonjwa anavuta pumzi badala ya anapotoa, msuli unakaza na hufiki popote. Vikisukuma wakati pumzi inaingia, karibu kila mtu atashtuka, awe na nyongo iliyovimba au la.

Ishara ina uzito gani

Katika mapitio yale ya 2003, ishara ya Murphy ilipatikana kwa takriban asilimia 65 ya wenye kifuko kilichovimba, na haikuwepo kwa takriban asilimia 87 ya wasio nacho. Maana yake kitandani: ikiwepo inakusogeza mbele kuelekea utambuzi, lakini haikufikishi. Isipokuwepo, mgonjwa mmoja kati ya watatu wenye ugonjwa atakuponyoka ukimruhusu kwenda kwa sababu hiyo tu. Hakuna ishara ya mkono hata moja yenye nguvu ya kuthibitisha au kufuta ugonjwa huu peke yake.

Wazee ndio wanaotakiwa kupimwa kwa mashaka zaidi. Utafiti mmoja kwa wazee uliikuta ishara hii kwa chini ya nusu yao. Ukuta wa tumbo umelegea, homa haipandi, na malalamiko yanaweza kuwa kukosa hamu ya kula na kuchanganyikiwa basi. Wenye kisukari wa muda mrefu wanaweza kuwa na mishipa ya fahamu iliyochoka. Mgonjwa wa chumba cha uangalizi maalumu aliyelazwa na usingizi wa dawa hawezi kukatisha pumzi inayosukumwa na mashine, ilhali ndiye anayepata kuvimba kusiko na mawe. Kwake altrasaundi isisubiri ishara ya mkono.

Lililo la hatari kuliko yote ni hili: kifuko kikianza kuoza, mishipa ya fahamu ya ukuta wake inakufa pamoja nao, na ishara iliyokuwepo asubuhi inaweza kutoweka jioni. Mgonjwa ambaye maumivu yamepungua huku mapigo ya moyo yakipanda kutoka 90 hadi 120 hajapona. Huyo anazidiwa.

Ishara nyingine za kutafuta

Uvimbe unaopapasika chini ya mbavu za kulia, wenye maumivu, unaonyesha kifuko kilichotutumka au utando wa mafuta uliojisokota kukizunguka. Unapatikana kwa mmoja kati ya watano hivi, na kwa kawaida si saa za mwanzo. Upapase taratibu, usiukamue: ukuta uliojaa unaweza kuwa dhaifu. Mwongozo wa Tokyo wa 2018, yaani mwongozo wa kimataifa wa kutambua na kutibu kuvimba kwa kifuko na mirija ya nyongo, unahesabu uvimbe huo, pamoja na ugonjwa uliozidi saa 72 na chembe nyeupe za damu zaidi ya 18,000 kwa milimita moja ya ujazo, miongoni mwa alama za kiwango cha pili cha ukali, kwa hiyo kuupata kunabadilisha mpango wa matibabu.

Usiuchanganye na kifuko kikubwa, laini, kisichouma, kwa mtu mwenye manjano. Ludwig Courvoisier wa Uswisi alionyesha mwaka 1890 kwamba hali hiyo kwa kawaida haitokani na mawe, kwa sababu kifuko kilichoishi na mawe miaka mingi huwa kimekakamaa na hakitanuki. Hapo fikiria kizuizi kingine kwenye mrija, ikiwemo saratani ya kichwa cha kongosho.

Ishara ya Boas ni ngozi ya mgongoni kulia, chini ya bega usawa wa mbavu za chini, kuhisi mguso kupita kiasi. Pitisha pamba pande zote mbili za mgongo na uulize kama kuna tofauti. Ni dakika moja ya kazi, lakini wachache sana wanayo. Isipokuwepo usiipe maana yoyote. Maumivu yanayorushwa kwenye bega la kulia ni ya kuuliza zaidi kuliko ya kupima. Yanapita kwenye neva ya diaframu, inayotoka shingoni usawa wa pingili ya 3 hadi ya 5, ndiyo maana bega linauma wakati bega ni zima.

Ukihisi maumivu yako kwenye ukuta wa tumbo, tumia kipimo cha Carnett. Weka kidole panapouma, mwambie avuke mikono kifuani na kuinua kichwa na mabega. Msuli ukikaza na maumivu yakapungua, tatizo liko ndani, msuli umelikinga. Yakizidi, tatizo liko kwenye ukuta wenyewe.

Magonjwa yanayojifanya nyongo

Ini lolote lililovimba ghafla linaweza kukatisha pumzi: homa ya ini, jipu la ini, ini lililojaa damu kwa sababu moyo umeshindwa. Kwenye jipu, bonyeza kwa kidole kimoja katikati ya mbavu za kulia, mmoja mmoja. Maumivu ya pointi moja kati ya mbavu yanaelekeza huko. Kwenye moyo ulioshindwa, ukingo wa ini wote unauma, mishipa ya shingo imejaa na miguu imevimba. Figo ya kulia inauma zaidi kwa nyuma. Kwa mwanamke kijana mwenye maumivu ya chini ya tumbo na uchafu ukeni, maambukizi ya nyonga yanaweza kupanda mpaka juu ya ini. Kwa mjamzito, mfuko wa uzazi unalisogeza tumbo zima: kifuko kinakuwa juu zaidi na kidole tumbo linaweza kupanda karibu na mahali pa kifuko. Mpime akiwa ameinamishwa kidogo upande wa kushoto kwa mto chini ya kiuno cha kulia. Na kwa mtu mzima mwenye maumivu ya chembe ya moyo, kipimo cha umeme wa moyo kifanyike mapema. Shambulio la moyo halisubiri umalize kupapasa.

Mkono unapokutana na altrasaundi

Ishara ya Murphy ya altrasaundi ina faida moja kubwa: unakiona kifuko unachokibonyeza. Mkague kwanza bila kubonyeza, ukipate kifuko katikati ya picha, kisha bonyeza kwa probu (kifaa cha mashine kinachowekwa juu ya ngozi) hapo na sehemu nyingine mbili au tatu, bila kumwambia ni ipi. Ipo pale tu panapouma zaidi pakiwa juu ya kifuko. Ikikutana na mawe, ukuta uliozidi milimita 3 na maji yaliyozunguka kifuko, picha imekamilika. Ukuta mnene peke yake hautoshi, kwani moyo kushindwa, ugonjwa wa ini na upungufu wa protini kwenye damu vinaunenepesha pia, na kifuko cha mtu aliyetoka kula huwa kimejikunja na ukuta wake unaonekana mnene.

Mwongozo wa Tokyo unaunganisha haya kwa mpangilio mwepesi. Ishara moja ya mahali (Murphy, au maumivu au uvimbe wa juu kulia) pamoja na ishara moja ya mwili mzima (homa, CRP, yaani protini ya damu inayopanda mwili ukiwa na uvimbe, kuwa juu, au chembe nyeupe kutokuwa za kawaida) zinatosha kushuku. Picha ndiyo inayothibitisha.

Usisubiri picha ukiona haya

Homa yenye kutetemeka, manjano na maumivu ya juu kulia ni utatu wa Charcot, yaani maambukizi ya mirija ya nyongo. Ukiongezeka presha kushuka na fahamu kuvurugika, mgonjwa anahitaji dripu, antibiotiki na kituo chenye uwezo wa kuzibua mrija, kwa haraka. Tumbo gumu kama ubao kote, au maumivu yaliyoachia ghafla kisha yakarudi tumbo zima, yanaashiria kifuko kimetoboka. Hapo usirudie ishara ya Murphy. Mwite mpasuaji.

Kuandika na kurudia

Andika ulichokiona, si jina la ishara tu. Mfano: "Saa 4:20 usiku. Joto 38.2, mapigo 104, presha 118/74. Amelala kimya, anapumua juu juu. Pafu la kulia safi. Maumivu ya kubonyeza juu kulia, misuli inakaza hapo tu. Pumzi imekatika nusu ya kuvuta, kulia. Kushoto amevuta mpaka mwisho. Hakuna uvimbe. Macho si manjano. Dawa ya maumivu saa 3:45." Anayekuja asubuhi atajua hasa kimebadilika nini.

Mgonjwa ambaye bado hujapata jibu arudiwe kila baada ya saa 4 hadi 6, na ikiwezekana na mikono ile ile, kwa sababu nguvu ya kubonyeza inatofautiana kati ya mtu na mtu kuliko tunavyodhani. Kama zamu inabadilika, mpimeni wawili pamoja mara moja kabla ya kukabidhiana: anayeondoka aweke mkono wake, anayeingia auweke pale pale, kwa kina kile kile.